Sekunde 30 ambazo daktari hakufundishwa

Mzee amekuja na kifua. Kikohozi kina wiki ya tatu, na akitembea hatua kumi lazima asimame avute pumzi. Daktari anamsikiliza mgongoni, anaandika kipimo cha makohozi, kisha anauliza macho yakiwa bado kwenye faili:

"Unavuta sigara, mzee?"

"Kidogo kidogo, mwanangu."

"Acha. Itakuua hiyo."

"Nimesikia, daktari."

Anakusanya karatasi zake, anaaga kwa adabu, anatoka. Kabla hajavuka barabara ya mbele ya geti ananunua moja kwa muuza karanga na kuiwasha.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anamjua mzee huyu. Tunamwita mbishi, sikio la kufa. Daktari hatumsemi, kwa kuwa kasema ukweli na kausema kwa nia njema. Ila wapo watafiti waliotumia miaka mingi kuyachunguza mazungumzo mafupi kama haya, wakiyapima kwa makundi na namba kama inavyopimwa dawa mpya, na walichokikuta kinamhusu daktari zaidi kuliko mzee.

Kujaribu na kufaulu ni vitu viwili

Tuanzie London, miaka ya 1970. Michael Russell, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa na swali linaloonekana la kitoto: daktari wa kawaida akimwambia mgonjwa aache sigara, kuna kinachobadilika? Yeye na wenzake wakawachukua wavutaji 2,138 waliokuja kutibiwa mambo yao mengine kwa madaktari 28 katika vituo vitano vya jiji hilo. Wakawagawa makundi manne. Kundi la kwanza halikuambiwa kitu. La pili lilijaza dodoso tu kuhusu uvutaji. La tatu liliambiwa na daktari liache. La nne liliambiwa liache, likapewa kijikaratasi cha maelezo, na likaarifiwa kwamba litafuatiliwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Walihesabiwa wale walioacha ndani ya mwezi wa kwanza na ambao mwaka ulipotimia walikuwa bado hawavuti. Kundi la kwanza, asilimia 0.3. La pili, 1.6. La tatu, 3.3. La nne, 5.1.

Asilimia 5 inachekesha ukiitazama peke yake. Watu 95 kati ya 100 wameambiwa na bado mambo yao yako pale pale. Russell aliitazama kwa jicho la mtu anayejua madaktari ni wengi na wavutaji ni wengi zaidi. Alipiga hesabu kwamba madaktari wote wa familia wa Uingereza wakifanya hivyo, kila mwaka wangepatikana walioacha zaidi ya nusu milioni, idadi ambayo isingefikiwa hata kama zile kliniki maalumu za kuacha sigara, zilizokuwa kama 50 wakati ule, zingeongezwa hadi 10,000. Jambo dogo, rahisi, linalofanywa na kila mtu, linaweza kuzidi jambo kubwa linalofanywa na wachache.

Kuna sentensi moja katika utafiti ule ambayo kwangu mimi ndiyo ufunguo wa habari nzima, na wengi huiruka. Maneno ya daktari hayakuwaongezea watu uwezo wa kufaulu. Yaliongeza idadi ya waliojaribu. Miongoni mwa waliojaribu, aliyeambiwa na asiyeambiwa walishinda na kushindwa kwa kiwango kile kile.

Hapo ndipo fundo linapofunguka. Tunaposema "kuacha sigara" tunaunganisha vitu viwili kwenye neno moja: kujaribu, na kudumu baada ya kujaribu. Cha kwanza kinahitaji kusukumwa kidogo. Cha pili kinahitaji msaada wa siku nyingi. Daktari wetu wa pale juu alikuwa na zana ya kazi ya kwanza tu, nayo aliishika upande usio na makali.

Mapafu mawili, pafu mia mbili

Kwa nini kudumu ni kugumu hivyo? Si kwa kukosa habari. Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu mwaka 1950. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza wenyewe, na ufuatiliaji ukaenda miaka 50: aliyevuta maisha yake yote alipoteza wastani wa miaka 10 ya uhai, na aliyeacha akiwa na umri wa miaka 50 aliokoa 6 kati ya hiyo, aliyeacha kwenye 30 akaokoa karibu yote. Hayo yameandikwa hadi kwenye pakiti. Mzee anayajua. Ukimuuliza atakuhesabia na majina ya rafiki zake waliozikwa.

Tatizo liko kwenye nikotini na jinsi inavyofika. Ukimeza kidonge, kinapita tumboni, kinachukua muda wake. Moshi unapita kwenye mapafu na nikotini inakuwa kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Kila unapopiga pafu, kama wasemavyo vijana, ubongo unapewa zawadi papo hapo, na unaweka alama kwenye chochote kilichokuwapo wakati huo: chai ya saa nne, kituo cha daladala, simu inayokera, haja kubwa ya asubuhi. Anayevuta sigara 20 kwa siku, kila moja pafu 10, anajizoesha hivyo mara 200 kwa siku, mara 73,000 kwa mwaka. Hakuna mcheza mpira anayefanya mazoezi ya penalti kiasi hicho. (Kiswahili kimetuchekesha hapa: neno la kiungo ndilo hilo hilo la kinachokiua.)

Nikotini hupungua mwilini kwa nusu ndani ya kama saa mbili. Inapopungua ndipo arosto inapoingia: hasira za haraka, kukosa utulivu, akili kutokaa mahali pamoja. Mvutaji anawasha nyingine, arosto inatulia, naye anasema sigara inamtuliza. Hakosei kabisa, isipokuwa dhoruba inayotulizwa imeletwa na sigara iliyotangulia.

Russell aliandika mwaka 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini kinachowaua ni lami, ule uchafu mzito wa moshi. Hoja ni kwamba mtu apewe nikotini kwa njia isiyo na moshi huku akijifunza kuishi bila pafu zake 200. Zana ya kwanza ilikuwa bigijii ya nikotini kutoka Sweden. Mwaka 1967 mwanasayansi Ove Fernö, kwenye kampuni ya dawa huko Helsingborg, alipata barua kutoka kwa rafiki yake wa Lund aliyegundua kwamba mabaharia wa nyambizi, wanaokatazwa kuwasha kitu chini ya maji, hutuliza arosto kwa kutafuna tumbaku. Bigijii ile iliruhusiwa kwanza Uswisi mwaka 1978. Leo kuna vibandiko vya ngozini, kuna vidonge, na kuna saitisini, inayotoka kwenye mti wa maua ya njano na ambayo Wabulgaria walianza kuitumia tangu miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani liliiweka nikotini tiba kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Mtu wa dakika hii

Russell alikuwa na mwenzake mdogo, mwanasaikolojia Robert West, ambaye baadaye alikuwa profesa wa University College London, UCL. West ndiye aliyeunganisha tabia ya uvutaji na mafunzo ya wahudumu wa afya hadi vikawa somo moja, na kazi yake ndiyo inayonivutia kuliko zote kwa sababu haimtukani mvutaji.

Wazo lake la msingi linaelezeka hata kijiweni. Binadamu, anasema West, wakati wowote hufanya kile anachokitaka au kukihitaji zaidi wakati huo huo. Mipango ya jana haina nguvu yoyote leo mpaka igeuke kuwa hamu au haja ya sasa hivi. Mzee aliyesema "nimesikia, daktari" hakudanganya. Alipokuwa ndani ya chumba alitaka kuacha. Getini akakutana na muuza karanga, arosto ya saa tatu kwenye foleni, na hofu ya kipimo cha makohozi, na yule aliyetaka kuacha hakuwapo tena.

Ukilikubali wazo hili, mambo kadhaa yaliyokuwa yakifundishwa vyuoni yanaanza kupwaya. Kwa miaka mingi wahudumu walifundishwa kwamba kuacha ni ngazi: mtu hajafikiria, anafikiria, anajiandaa, anatenda. Kazi yako ni kujua yuko ngazi ipi, na kama hajawa tayari usimsumbue. Mwaka 2006 West na mwenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wavutaji na walioacha nchini Uingereza jinsi walivyoanza jaribio lao. Karibu nusu ya majaribio hayakupangwa kabisa. Mtu aliamka tu akasema basi. Na majaribio hayo ya ghafla ndiyo yaliyodumu zaidi: asilimia 65 yalifika miezi 6 au zaidi, dhidi ya 42 kwa yale yaliyopangwa.

Haina maana kwamba kupanga kunaharibu. Ina maana kwamba utayari haukai mahali ukingojea kupimwa. Huzuka. Hivyo swali "uko tayari kuacha?" ambalo wauguzi wengi walifundishwa kuliuliza ni swali baya, linamwomba mtu ajifungie mlango mwenyewe. Akisema "bado bado", mazungumzo yamekwisha.

Baadaye Paul Aveyard na wenzake, West akiwamo, walikusanya majaribio ya kitabibu na kulinganisha vitu viwili ambavyo mhudumu anaweza kusema. Kimoja: acha, kwa sababu ya afya yako. Kingine: nitakusaidia kuacha. Cha pili kiliwafanya watu wengi zaidi wajaribu, na hakikuhitaji kubagua nani yuko tayari na nani hayuko.

Kinachofundishwa

Uingereza ilianza huduma za bure za kuacha sigara mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya waraka wa serikali wa mwaka 1998. Miaka kumi baadaye kilichokuwa wazi ni kwamba huduma hizo hazifanani. Mtu akienda mahali fulani anafaulu, akienda mtaa wa pili anapoteza muda. Mwaka 2009 kikaanzishwa kituo cha taifa cha mafunzo ya kuacha sigara, kinachojulikana kwa herufi NCSCT, ambacho West alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kama ya fundi anayefungua injini. Pamoja na Susan Michie wakachukua miongozo ya huduma, wakasoma mstari kwa mstari, wakatenganisha kila kitu ambacho mshauri anakifanya. Wakapata mbinu 43. Kisha wakatazama ni vituo gani vinavyozitaja zipi, na vinafaulu kiasi gani. Baadhi zilizojitokeza pamoja na mafanikio ni za kawaida: kumshauri mtu namna ya kutumia dawa yake, kumsaidia abadilishe ratiba ya siku, kumpima kwenye pumzi kaboni monoksaidi, gesi inayoingia mwilini na moshi. Moja ni ya kushangaza kidogo, nayo ni kuujenga utambulisho wa mtu asiyevuta.

Kwa Kiswahili hiyo ya mwisho ni rahisi kuionja. Rafiki anakunyooshea pakiti. Unaweza kujibu "najaribu kuacha." Unaweza kujibu "sivuti." Jibu la kwanza linamkaribisha aseme "moja tu haiwezi kukudhuru." La pili halina pa kushikia.

Mafunzo yenyewe yana ngazi mbili, na hapa wengi huchanganya. Ngazi ya juu ni ya washauri, wanaokaa na mtu wiki baada ya wiki. Wanamwekea siku ya kuacha, wanahakikisha dawa inatumika ya kutosha na kwa muda wa kutosha, na wanamfundisha sharti moja lisilo na punguzo: hata pafu moja usipige. Kila wiki mtu anapuliza kwenye kifaa kidogo kinachopima kaboni monoksaidi. Anashikilia pumzi sekunde kama 15, anapuliza taratibu, namba inasoma. Mvutaji anaweza kusoma 20 au 30, na chini ya 10 huhesabiwa hajavuta. Gesi hiyo hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtu anayeteseka na arosto siku ya tatu anaona kwa macho yake kwamba mwili umeshaanza kusafika. Hofu ya saratani ya miaka 20 ijayo haiwezi kushindana na namba iliyoshuka tangu Jumatatu.

Ngazi ya chini ndiyo ya kila mtu mwingine: daktari, muuguzi, mfamasia, mkunga, wa meno. Hao hawaombwi kuwa washauri. Wanaombwa sekunde 30, na sekunde hizo zina hatua tatu: uliza na uandike, sema njia iliyo bora ya kuacha, kisha mpeleke mtu kwenye msaada. Mafunzo yenyewe huchukua kama nusu saa. Yule daktari wetu angeweza kusema hivi:

"Shikamoo mzee. Sigara bado unavuta?"

"Marahaba. Kidogo kidogo."

"Sawa, naandika. Njia inayofanya kazi zaidi ni dawa ya kupunguza arosto pamoja na mtu wa kukusimamia wiki kwa wiki. Nikikuandikia uonane naye leo, utakwenda?"

Hakuna saratani ndani yake. Hakuna "uko tayari?" Hakuna hata neno "acha" kama amri. Mzee hakuulizwa anavuta ngapi wala tangu lini, maswali yanayomfanya apunguze hesabu kwa aibu. Akisema hapana, daktari anajibu tu kwamba msaada upo siku atakapoutaka, na wanaendelea na kikohozi. Mwongozo wa kwanza wa kitabibu wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kuacha tumbaku, uliotolewa Julai 2024, unapendekeza ushauri mfupi wa namna hii, kati ya sekunde 30 na dakika 3, utolewe na wahudumu kama jambo la kawaida.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu West ambalo wanaosimamia miradi ya afya huenda wasilipende. Mwaka 2005 alipendekeza kanuni ya kuhesabu matokeo, akaipa jina la Russell. Aliyepotea njiani, hapokei simu, hajulikani alipo, anahesabiwa kuwa anavuta. Huwezi kuwagawanya waliofaulu kwa wale waliorudi tu kujisifu. Majaribio ya kuacha bila msaada wowote, 3 hadi 5 tu kati ya 100 hufika nusu mwaka au mwaka. Jaribio la saitisini lililoongozwa na West nchini Poland, lenye watu 740 na matokeo yake kuchapishwa 2011, liliripoti asilimia 8.4 waliodumu mwaka mzima dhidi ya 2.4 waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Namba ndogo zilizohesabiwa kwa ukali, na ndiyo maana zinaaminika.

Hatua ya tatu iende wapi?

Kwetu mambo yanasimama kwenye hatua ya tatu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku Tanzania ni asilimia 8.7, wanaume wakiwa 14.6 na wanawake 3.2. Kenya, mwaka 2014, ilikuwa 11.6. Si viwango vya kutisha ukilinganisha na Ulaya ya miaka ya 1970, na pengine ndiyo sababu jambo hili halimkoseshi mtu usingizi wizarani. Nchi zote mbili zimeridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, Kenya 2004 na Tanzania 2007, na kifungu chake cha 14 kinahusu kuwasaidia watu kuacha. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Nenda kwenye kibanda chochote ujionee.

Upande wa mafunzo, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa fani za afya waliwahi kuulizwa katika nchi kumi, Uganda ikiwamo, kama wamefundishwa rasmi namna ya kumsaidia mgonjwa aache. Katika kila nchi waliosema ndiyo walikuwa wachache. Waliosema wangependa kufundishwa walikuwa karibu wote.

Kinachonishangaza ni kwamba tunajua kutibu uraibu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na pale mtu wa heroini hajibiwi "acha, itakuua." Anapewa dawa ya kutuliza arosto, anaonwa kila siku, anapimwa, akianguka anapokewa tena. Ndiyo hiyo hiyo West anayoifundisha. Mvutaji wa sigara anapata sentensi moja na kidole.

Na hatuhitaji kujenga kliniki nyingine ili kuanza. Mzee wetu, makohozi yakionyesha kifua kikuu, atarudi hapo hapo kwa miezi 6 kuchukua dawa. Ataonana na muuguzi yule yule, atapimwa uzito, ataulizwa kama amemeza vidonge vyote, na kadi yake itatiwa alama kwenye kisanduku cha siku hiyo. Ni ufuatiliaji mrefu kuliko ule wanaoupata wavutaji wa London, na muuguzi kashalipwa kuufanya. Baada ya swali la vidonge anaweza kuongeza jingine, sauti ile ile, bila kubadilisha uso: "Na sigara, mzee, umepiga hata pafu tangu tulipoonana?"